Askari Aliyetuzwa kwa Siku Aliyojipoteza: Uchambuzi wa Kisa cha Dwight Johnson

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1971, Dwight Hal Johnson alifariki hospitalini mjini Detroit, jimbo la Michigan, kutokana na risasi alizopigwa na mwenye duka la vyakula. Aliingia dukani usiku, akaomba sigara, kisha akatoa bastola. Zilikuwa zimebaki siku 7 atimize miaka 24. Siku hiyo alikuwa bado askari wa jeshi la Marekani, na pia mgonjwa wa hospitali ya jeshi aliyeondoka kwa ruhusa ya siku chache asirudi. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kiume. Alikuwa pia na Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kuliko zote za ushujaa vitani nchini Marekani, aliyovishwa na Rais Lyndon Johnson kwa mkono wake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakihitaji kufichwa majina wala kubuniwa. Maelezo ya daktari wake wa akili yalifika kwenye kurasa za New York Times mwezi uliofuata kifo chake, na toka hapo watu wa tiba ya kiwewe wamekuwa wakikirejea. Wengi hukisoma kama kisa cha mtu aliyeugua kabla ugonjwa wake haujaingizwa vitabuni. Hilo ni kweli, ila kwangu mimi halitoshi. Daktari wa Johnson alimsikiliza vizuri kuliko tunavyomdhania daktari wa jeshi wa mwaka 1971, na karibu kila kitu kilichokuwa kikimla mgonjwa kimo katika maandishi yake. Ila aliyelazwa wodini alipokelewa kama askari na basi. Mtoto wa mama Mweusi wa Detroit, mume wa mtu, na mwanamume aliyetumwa na jeshi kusimama mbele ya vijana wa mtaani kwake, hao wote walibaki nje ya mlango wa kliniki.

Malezi

Johnson, ambaye nyumbani walimwita Skip, alilelewa na mama yake katika nyumba za Jeffries, majengo ya umma waliyopangishwa watu wa kipato kidogo. Alikuwa mtoto wa kutegemewa, akitumikia altareni na kushiriki skauti. Mama alikuwa na sheria moja aliyoirudia: usipigane. Wakikufuata, kimbia, wasikukamate.

Nawaomba wasomaji waishike sheria hiyo, maana kisa chote kinaizunguka. Mvulana Mweusi katika mji wa Marekani wa miaka ya 1950 na 1960 hakuruhusiwa hasira kama alivyoruhusiwa mvulana mwingine. Ngumi ya mtoto wa Kizungu ilimalizwa kwa mwalimu mkuu, ya kwake ingeweza kumfikisha kwa polisi, na polisi wa Detroit wa wakati ule walijulikana. Kujizuia yalikuwa malezi ya kumlinda mtoto asiuawe. Mama aliyemfundisha mwanawe hivyo alikuwa akimpenda, na mtoto alijua hivyo.

Dak To

Alichukuliwa jeshini kwa lazima mwaka 1966 na kupelekwa Vietnam kama dereva wa kifaru katika Divisheni ya 4 ya askari wa miguu. Kwa karibu miezi 11 alikaa na wenzake walewale katika kifaru kilekile. Wakala pamoja, wakalala pamoja, wakajuana. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968 akahamishiwa kifaru kingine kilichokuwa na upungufu wa dereva.

Asubuhi yake msafara wao ukavamiwa karibu na mji wa Dak To. Kifaru alichokuwa akiendesha kilikatika mnyororo kikakwama. Kile alichokizoea kilipigwa na kushika moto. Johnson alikikimbilia, akamvuta nje mmoja wa rafiki zake akiwa hai, na kabla hajawafikia wengine risasi na makombora yaliyokuwa ndani yakalipuka. Wote waliobaki wakafa mbele ya macho yake.

Kilichofuata kimeandikwa katika hati rasmi ya nishani. Kwa muda wa kama nusu saa aliwasaka maadui kwa miguu, kwanza kwa bastola, baadaye kwa bunduki ndogo ya rashasha, na risasi zilipomwishia akamuua askari mmoja kwa kitako cha bunduki. Alimtoa majeruhi mwingine katika kifaru cha sajini wake, akarudi kufyatua mzinga hadi ukagoma, akamalizia na bunduki kubwa ya juu ya kifaru. Hati haitaji mambo mawili. La kwanza ni kwamba katikati ya purukushani hiyo alikutana uso kwa uso na askari wa Kivietnam aliyemwelekezea bunduki na kuvuta kifyatulio, bunduki ikakwama, Johnson akamuua. La pili ni kwamba mapigano yalipokwisha hakuweza kusimama. Alitaka kuwaua mateka. Walihitajika watu watatu na sindano tatu za mofini kumtuliza, akasafirishwa hospitali ya Pleiku akiwa amefungwa koti la wagonjwa wa akili.

Muda wake wa kuwa vitani ulikuwa umebaki kidogo sana, wakamrudisha Marekani na kumwachia. Hakuna aliyemtibu. Hakuna hata aliyemwambia mama yake kilichompata.

Kurudi

Detroit aliyoiacha haikuwepo. Mwezi Julai 1967, yeye akiwa bado Vietnam, mji ulikuwa umelipuka kwa siku kadhaa baada ya polisi kuvamia kilabu cha pombe cha watu Weusi. Watu 43 waliuawa, na askari wa miamvuli wa jeshi lilelile alilokuwa akilitumikia walishika doria katika mitaa ya watu wake. Aprili 1968 Martin Luther King naye akauawa. Johnson alizunguka akitafuta kazi, hakupata. Kisha siku moja polisi wawili wa jeshi wakabisha hodi kuuliza kama amewahi kukamatwa tangu atoke jeshini. Hivyo ndivyo habari za nishani zilivyotangulia kufika nyumbani kwa mama Mweusi: sare mbili mlangoni, na swali kama mwanawe ni mhalifu. Nikiisoma sehemu hiyo huwa nasimama kidogo.

Tarehe 19 Novemba 1968 alivishwa nishani Ikulu ya Washington. Baada ya sherehe mama alimkuta akilia. Akamuuliza analilia nini, na yeye amerudi salama. Mama alikuwa amesema neno ambalo mama yeyote angelisema. Na hilo hasa, kwamba amerudi salama na wenzake hawakurudi, ndilo lililokuwa likimliza.

Sare mbele ya vijana

Milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka yote kwa mpigo. Jeshi likamshawishi arejee, safari hii kama afisa wa kuandikisha vijana pale Detroit. Alioa Januari 1969. Akaalikwa kwenye karamu na mikutano. Wenye maduka wakamkopesha kwa furaha, naye akakopa, akanunua nyumba kwa mkopo wa rehani.

Kazi aliyopewa inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wachambuzi wengi huipita haraka na mimi naiona kama sehemu ya ugonjwa. Kwanza, kila alipotambulishwa alitambulishwa kwa siku moja tu ya maisha yake, tena siku ambayo usiku ilimjia kwenye ndoto mbaya. Katika tiba ya kiwewe tunamsaidia mtu kuisimulia siku ya namna hiyo, lakini husimulia mahali penye usalama, kwa mwendo anaouweza, akiwa na mtu anayemsubiri alie, atetemeke, apumzike. Johnson aliwekwa jukwaani, akapigiwa makofi. Pili, wasikilizaji wake walikuwa vijana Weusi wa shule za sekondari, na wapo waliomwambia wazi kwamba yeye ni roboti tu la jeshi la kuwakusanya watu Weusi wakafe Asia. Maneno hayo yakitoka kwa Mzungu mtu anaweza kuyatupa. Yakitoka kwa mtoto wa jirani yanaingia ndani. Tatu, wakubwa waliompiga mgongoni na kumwambia ukitaka kazi nitafute, alipowatafuta kweli hawakumkumbuka. Ikabidi awaeleze yeye ni nani. Jambo hili alilisimulia mwenyewe kwa daktari, na daktari akaliandika.

Erwin Parson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka na askari wastaafu Weusi wa vita vya Vietnam, aliandika mwaka 1985 kwamba watu hao wana mzigo wa namna tatu kwa wakati mmoja: makovu ya vita, ubaguzi wa taasisi wanamorudi kuishi, na utambulisho wa kuwa Mweusi na Mmarekani pande mbili zinapovutana. Ukitibu mmoja na kuiacha mingine miwili, inaurudisha ule ulioutibu. Katika kazi ya Johnson ya kuandikisha vijana yote mitatu ilikutana kila asubuhi alipofunga vifungo vya sare.

Wengi wa wastaafu hao walimweleza Parson na wenzake jambo jingine linalohusu adui. Walikuwa wakiwaangalia Wavietnam wakitukanwa na kudharauliwa kwa rangi na maumbile yao, wakawaona wanafanana na wao kuliko wanavyofanana na makamanda wao. Sina ushahidi kwamba Johnson aliwahi kusema hivyo. Ila ningekuwa mshauri wake, yule askari ambaye bunduki yake ilikwama ningemuuliza habari zake: alikuwa na uso gani, ana umri gani, humwonaje anapokuja ndotoni.

Mwili ukaanza kusema

Alipata maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Akawa haendi kwenye shughuli alizoalikwa. Hundi zake zikaanza kurudi benki, malipo ya nyumba yakarundikana. Hakumwambia mke wala mama habari za ndoto.

Dalili hizi ni za kawaida kwa mwanamume aliyelelewa kutoonyesha mwili wake unavyohangaika, na kwa wasomaji wetu hazitakuwa ngeni. Mtu haji akasema ana huzuni. Anakuja na tumbo, na kichwa, na usingizi, anakuja na deni. Jeshi lilimpeleka kwanza hospitali ya kambi ya anga ya Selfridge kwa ajili ya tumbo, na mwaka huohuo wa 1970 akahamishiwa Valley Forge, hospitali ya jeshi iliyokuwa Pennsylvania, mbali na nyumbani.

Maandishi ya daktari

Utambuzi ulioandikwa ulikuwa sonona iliyosababishwa na tatizo la kuzoea maisha baada ya Vietnam. Leo tungeandika mfadhaiko wa baada ya kiwewe, lakini mwongozo wa magonjwa ya akili uliokuwa ukitumika Marekani, toleo la pili la mwaka 1968, haukuwa na ugonjwa huo. Toleo la kwanza la 1952 lilikuwa na kitu kinachokaribiana nao, kikaondolewa. Hofu ya vita ilibaki kama mfano tu wa mtu mzima anayeshindwa kuzoea mabadiliko. Daktari alitumia alichonacho.

Na nampa sifa yake. Wakati ule, na hata sasa, mwanamume Mweusi akieleza mawazo yanayotisha ana uwezekano mkubwa kuliko Mzungu wa kuandikiwa skizofrenia. Daktari huyu hakuangukia huko. Aliandika kwamba Johnson anajiuliza kwa nini alihamishwa kifaru usiku ule, kwa nini yeye ndiye aliyebaki. Aliandika kwamba anaona hatia ya kunusurika, na hatia ya kupewa heshima kubwa kwa ajili ya mara pekee maishani mwake alipopoteza kabisa udhibiti wa nafsi yake. Kisha akaandika swali ambalo mgonjwa alimuuliza: itakuwaje nikipoteza udhibiti hapa Detroit, nikafanya kama nilivyofanya Vietnam?

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Swali hilo ukilisikia kama daktari wa askari, unasikia hofu ya kurudiwa na vita, na unaandika kwamba jambo hilo linamsumbua sana mgonjwa, kama daktari alivyoandika. Ukilisikia ukiwa unajua alikolelewa, unasikia zaidi. Mtoto aliyefundishwa na mama yake kwamba akishindwa kujizuia atakufa, alishindwa kujizuia mara moja tu, na nchi nzima ikampigia makofi kwa hilo. Ile ile nguvu ambayo ingemfikisha gerezani au kaburini kama angeionyesha mtaani kwake, ndiyo iliyomfikisha Ikulu. Nani sasa alisema kweli, mama au Rais? Mtu hawezi kuishi na majibu yote mawili. Na alijua bila kuambiwa kwamba Mweusi akijipoteza Detroit, hata awe na nishani, hakutakuwa na watu watatu wa kumshika na sindano tatu za mofini. Kutakuwa na risasi.

Swali la kumrudishia lilikuwa jepesi kulitamka: ukijipoteza Detroit, mtu kama wewe hupatwa na nini, na nani alikufundisha hivyo? Hapo mama angeingia kwenye mazungumzo, Jeffries ingeingia, Julai 1967 ingeingia.

Kwa nini asirudi wodini

Alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akachelewa kurudi, akaja. Akapewa nyingine ya siku tatu mwezi Machi 1971, na baada ya hiyo hakuonekana tena. Kwenye kitabu cha jeshi huyo ni mtoro.

Mimi naliona suala la imani. Alikwisha kumwambia daktari kwamba jeshi halikutimiza ahadi kwake, naye daktari huyo alikuwa mtu wa jeshi, akilipwa na mwajiri yuleyule. Mgonjwa ataweka wapi malalamiko dhidi ya jeshi, wakati mtu anayeyapokea amevaa sare yake? Zaidi ya hapo watu Weusi wa Marekani walikuwa na sababu zao za kutoamini dawa za serikali. Utafiti wa Tuskegee, ambamo Idara ya Afya ya Umma iliwaacha mamia ya wanaume Weusi wa Alabama na kaswende bila kuwatibu ili iwachunguze, ulianza mwaka 1932 na ulikuwa ukiendelea siku hiyohiyo Johnson alipokuwa amelala Valley Forge. Umma uliujua mwaka 1972. Shaka ya wazee haikuwa ya kijinga.

Mshauri wa leo anayekutana na mwanamume wa namna hii asianze kwa kumhakikishia kwamba anaweza kumwamini. Amweleze nani anasoma faili lake, nini kitaandikwa, nini hakitaandikwa, na kamanda wake ana haki ya kujua nini. Imani itakuja baada ya hapo au haitakuja, ila itakuwa imejengwa juu ya kitu.

Nyumba iliyoachwa nje

Siku za mwisho mke alilazwa hospitali kwa upasuaji mdogo, na hospitali ilitaka amana ya dola 25. Mume aliahidi kuileta. Askari mwenye Nishani ya Heshima hakuwa na dola 25, na usiku wa tarehe 29 alikwenda dukani na bastola.

Mwenye duka alieleza baadaye kwamba alimpiga risasi, naye akabaki amesimama na bastola mkononi akitishia kuua, hivyo akaendelea kufyatua hadi risasi zikaisha. Mtu aliyewahi kuua wengi kwa bastola na bunduki katika nusu saa alisimama pale akapigwa. Mama yake alisema wakati mwingine hujiuliza kama mwanawe alikuwa amechoka na maisha, akahitaji mtu mwingine wa kumvutia kifyatulio. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kukimbia. Kauli yake hiyo ni uchambuzi wa kitaalamu kabisa, na hakuna mtaalamu aliyekuwa amemwita aseme kabla.

Kosa kubwa la matibabu haya ni hilo. Nikisoma maelezo yaliyotolewa sioni mke akiitwa hata mara moja. Sioni mtu anayemuuliza mume huwa analalaje, anaamka vipi, mtoto akilia usiku anafanya nini, bastola inakaa wapi, nani anajua habari za deni. Walimpeleka jimbo jingine, wakamtibu huko, wakamrudisha kwa ruhusa kwenye nyumba ambayo haikuambiwa chochote. Siku hizi ipo tiba ya wanandoa kwa ajili ya mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ya vikao 15, ambamo mke anaingia kama mtibiwa mwenza, wanajifunza pamoja jinsi hofu inavyokula nyumba na jinsi ya kuzirudia sehemu walizoacha kwenda. Kwa Johnson ningeanzia huko, tena ningemwita mama pia, maana katika familia ile mama ndiye aliyekuwa nguzo, na kumfanyia Mweusi wa Detroit tiba ya wawili tu kwa kuwa kitabu kinasema wanandoa, ni kutojua nyumba yake inavyosimama.

Kabla ya yote hayo kungekuwa na bastola na deni. Mtu anayedaiwa nyumba hawezi kukaa akichambua fikra. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii angepaswa kuwa kwenye meza moja na daktari tangu wiki ya kwanza, azungumze na benki, na silaha ingekabidhiwa kwa ndugu kwa makubaliano.

Baada ya hapo ndiyo tungeingia Dak To. Tiba ya kuchakata fikra, inayochukua vikao kama 12, ingefaa sana hapa, kwa kuwa fikra zilizomkwama amekwisha kuzitaja mwenyewe: nilihamishwa kwa sababu fulani, sikustahili kubaki, kilichotokea ndicho nilicho. Ila nyuma ya fikra hizo kuna jeraha la dhamiri, na mtu aliyetumikia altareni ana lugha yake ya kuungama na kusamehewa ambayo mshauri hana. Ningemtafutia kasisi anayezijua habari za vita, na kundi la wastaafu Weusi wenzake. Makundi ya namna hiyo yalikuwa yakianza New York wakati uleule, mwishoni mwa 1970, wastaafu wa Vietnam wakikaa na madaktari wa akili Robert Lifton na Chaim Shatan, nje ya hospitali za serikali. Kutoka Valley Forge hadi New York ni mwendo wa saa chache.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, toleo la tano, una mahojiano ya maswali 16 ya kumsaidia mtaalamu kujua mgonjwa anauelezaje ugonjwa wake, watu wake wanauitaje, anadhani umetokana na nini, na kuna nini katika asili yake kinachouongeza au kuupunguza. Ni chombo kizuri na huchukua muda mfupi. Ila nimeona kinavyotumika kama fomu ya kujaza siku ya kwanza na kuwekwa kabatini. Kwa Johnson jibu lake lingetakiwa kuongoza kila kikao.

Familia zetu

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani wana kijana jeshini, maana jeshi huwapa wahamiaji njia ya uraia na ada ya chuo. Picha ya sare hutundikwa sebuleni, ikatumwa Nairobi, Bujumbura na Bukavu. Kule Marekani anahesabiwa Mweusi, kwa wenzake Weusi ni Mwafrika, na nyumbani ndiye tegemeo la ukoo anayetuma fedha. Akirudi na tumbo linalouma, tunamtafutia dawa ya vidonda vya tumbo. Akinyamaza tunasema amekomaa. Kenya nayo ina nyumba zake. Tarehe 15 Januari 2016, siku na mwezi uleule wa Dak To, kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa, na waliobaki hai walirudi kwa wake na mama waliofurahi kuwaona wamerudi salama. Sina haja ya kusema zaidi. Mwenye askari nyumbani ananielewa.

Baada yake

Johnson alizikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington kwa heshima zote za kijeshi. Mjane wake alidai stahili kwa miaka, maana mumewe alikufa akifanya uhalifu, na mwishowe ikakubaliwa kwamba akili yake ilikuwa imeharibiwa na vita. Shatan aliandika gazetini mwaka 1972 juu ya hali ya wastaafu wa Vietnam, vituo vya ushauri kwa wastaafu (Vet Centers) vikafunguliwa mwaka 1979, na mwaka 1980 mfadhaiko wa baada ya kiwewe ukaingia katika toleo la tatu la mwongozo.

Utafiti mkubwa wa kitaifa uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta ugonjwa huo kwa asilimia 20.6 ya wanaume Weusi waliohudumu Vietnam, asilimia 27.9 ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na asilimia 13.7 ya Wazungu na wengineo. Tofauti ya Weusi na Wazungu ilipungua sana ilipohesabiwa ni nani aliona mapigano makali zaidi. Maana yake Weusi walikuwa wamesukumwa mbele zaidi. Ubaguzi ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Vile vituo vya mwaka 1979 bado vipo, zaidi ya 300, na hufanya kazi mbali na hospitali za maveterani. Aliyehudumu eneo la vita huingia bila malipo, na mkewe na wazazi wake wanaweza kupokelewa pia kwa ajili ya kumsaidia. Kumbukumbu zake hazipelekwi kwa mtu mwingine bila idhini yake, isipokuwa pale inapobidi kuzuia maafa, na jambo hili mwambieni kabla hamjamwambia jingine lolote. Mkipiga simu ulizeni moja kwa moja kama kuna mshauri Mweusi au kundi la wastaafu Weusi. Si kila kituo kitakuwa nalo, lakini kuuliza ni haki yenu, na mshauri mzuri wa rangi yoyote hataudhika. Usiku ambao hali ni mbaya, namba ya simu ya dharura ya maveterani wa Marekani ni 988, kisha bonyeza 1. Mke au mama naye anaweza kuipiga mwenyewe, bila kumsubiri mwanamume akubali kwamba anaumwa.